Hodi Isiyokuwa Yangu

Mnisamehe mwandiko mbaya na makosa ya herufi. Niliishia darasa la nane na huandika polepole. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, katikati ya jiji, na sikuwa mgonjwa.

Nina chumba kidogo ghorofani, River Road. Nasoma disketi, vile vibapa vya plastiki vya kompyuta za zamani, na kunakili yote yaliyomo kabla hayajaharibika.

Mama Kimani wa Loresho aliniletea moja. Kimani wake alikufa maji akiwa mwanafunzi. Alikuwa amejirekodi kwa kompyuta ya baba yake, akimchezea mama: "Mama, hodi." Basi, hayo tu. Mama alikuwa akimwambia aache mchezo.

"Sikumjibu hata siku moja," aliniambia. "Nataka nimjibu."

Kabla ya kuingiza disketi, unasukuma kidude chake cha pembeni, ili mashine isome tu, isiandike. Siku hiyo nilisahau.

Mashine ikaanza kukwaruza. Nyuma yangu nikasikia, "Hodi." Nikajibu, "Karibu," bila kugeuka. Mimi huona haya mbele ya watu, niamini, huwajibu macho yakiwa kwa kazi. Na nani hujibu hodi vingine?

Kiti nyuma yangu kikatoa mlio. Nikageuka, nikaona kijana wa sweta ya shule, viatu vimelowa chapachapa, na nje jua kali. Nikamuuliza anataka nini.

"Si umenikaribisha?"

Nikadhani ni utani. Nikamwambia ataniharibia nyaya kwa maji, nikainama kuchukua kitambaa. Nilipoinuka kiti kilikuwa kitupu. Mlango ulikuwa na komeo, vile nilivyoufunga mwenyewe.

Mama alipokuja kusikiliza, nikabonyeza. "Mama, hodi." Kabla hajafungua mdomo, sauti yangu ikatoka mle mle kwenye disketi: "Karibu."

Alinitazama sana. "Kijana, mbona umemjibu wewe?"

Akaifunga disketi kwa leso, akaenda.

Sasa kila jioni napigiwa hodi mlangoni kwangu, Kangemi. Nanyamaza. Mlinzi wa Mama Kimani, anayekaa jirani yangu, huniambia kwamba saa hizo mama husimama langoni akisema karibu, karibu mwanangu, na haingii mtu.

Wewe unayesoma, usijibu hodi kabla hujaona uso. Na kama kwenu kuna anayejua jinsi karibu inavyorudishwa, tafadhali niandikie. Nitasoma, hata kama ni polepole.