Lambo la Mama Salumu

Kitabu kipya kinanuka gundi ya fundi viatu. Wapo wanaoipenda harufu hiyo. Mimi juzi ilinipandisha nyongo, na mpaka leo haijashuka.

Binti yangu Zuhura, mwalimu kule Lukuledi, alikinunua stendi ya Masasi. Kitabu cha historia yetu sisi watu wa Newala, tena, anasema, kimeandikwa kwa ajili ya kila mtu, siyo wasomi peke yao. Nikafurahi kama mjinga. Mimi shule niliishia darasa la pili, herufi naziokota moja moja kama mtu anayechambua mchele, basi nikamwambia anisomee penye kijiji chetu. Akasoma kwamba lambo la kijiji lilichimbwa na Mzee Salumu. Nikamwambia, "Soma tena." Akasoma tena. Bado lilikuwa la Salumu.

Salumu ni mjomba wangu, kaka yake mama. Mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini yeye na jembe hawakuwa wakisalimiana. Lambo lile alilichimba mama yake, yaani bibi yangu, akiwa na mimba ya mama yangu.

Nyinyi mnaofungua bomba mtanisikiliza hapa. Kwetu juu ardhi ni mchanga mtupu, mvua inanyesha na kuzama yote. Maji yalikuwa chini bondeni. Wanawake waliteremka alfajiri na mitungi, wakapanda tena ule mlima magoti yakilia, wakafika nyumbani jua kali na nusu ya maji imemwagika njiani. Bibi alichoka. Akachimba shimo nyuma ya nyumba, akasomba udongo wa vichuguu kwa kikapu, akaumwaga mle ndani na kuukanyaga kwa miguu kiangazi kizima, mpaka ukashika maji. Watu walimwita fuko. Mvua ilipokuja, hao hao waliomcheka ndio waliotangulia kufika na vibuyu.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Nilikuwa na pengo la meno ya mbele, akaja mwalimu mmoja wa mjini juu ya baiskeli, suruali kaibana kwa kibanio cha nguo. Baiskeli ile ilikuwa na kengele mbili, sijui ya pili ilikuwa ya nini. Alikuwa anakusanya habari za zamani. Baba akampokea barazani. Mjue kwamba kwetu mwanamume akioa huhamia kwa mkewe, kwa hiyo Baba aliishi uani kwa mama mkwe wake. Na Bibi mwenyewe alikuwa hatua tano kutoka pale, anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.

"Lambo hili nani alichimba?" mwalimu akauliza.

"Mama Salumu," Baba akajibu.

"Hilo jina la mwanawe. Yeye mwenyewe anaitwa nani?"

Baba akainamisha kichwa. Akaanza kuchora mchanga kwa kidole gumba cha mguu.

"Bwana, hujui hata jina la mkweo?" Mwalimu akacheka. "Na tangu lini mwanamke akachimba shimo kubwa namna hii? Naandika Salumu, tusilale hapa."

Nikapiga kelele, "Ni Bibi! Bibi ndiye kachimba!"

"Bibi gani? Jina?"

Sikulijua. Kwangu alikuwa Bibi, kwa wengine wote Mama Salumu.

"Nyamaza, Esha," Baba akasema taratibu. Mwalimu akaandika, akapanda baiskeli yake, akapiga kengele zote mbili.

Nilimkimbilia Bibi nikilia.

"We mke mwenzangu, unalia nini? Lambo limehama?"

"Baba kakunyima jina!"

Akanifinya sikio kwa vidole vile vyeusi. "Ulitaka mkwe wangu anitaje jina mbele ya mgeni kama anaita mbuzi?" Kisha akalivuta sikio lile lile mpaka mdomoni kwake, akaninong'oneza jina lake.

Mimi nilichoelewa ni kwamba Baba alijua na akanyamaza. Nikamchukia. Nikipakua ugali, wake nilikuwa nautoa upande wenye ukoko. Shikamoo yangu niliuambia ukuta. Yeye akaitikia marahaba ile ile kila siku, kwa upole uliozidi kuniudhi, mpaka tukamzika.

Miaka ikapita mingi. Nikaanguka shambani, chini ya mikorosho, na aliyenibeba hadi hospitali ni Hamisi, mume wa Zuhura. Nesi, mgeni wa kutoka mkoa mwingine, akashika kalamu.

"Mgonjwa anaitwa nani?"

"Mama Zuhura," Hamisi akasema.

"Jina lake, kaka! Au umemwokota barabarani?"

Mimi ulimi umekauka, siwezi kutamka kitu. Nikageuza macho nikaona kidole gumba cha mguu wa Hamisi kikichora sakafu. Jasho linamtoka. Mwisho akatoka mbio hadi getini, akarudi amemshika mkono kijana wa bodaboda wa kijijini kwetu, ili huyo aje anitaje. Ndipo pale, juu ya godoro la hospitali, nilipomwona baba yangu.

Baba nimemwomba radhi kaburini. Kitabu sikiombi kitu, wala sikisamehe. Karatasi za yule mwalimu zililala miaka yote hiyo, kisha mtu amekuja kuzichapa bila hata kupanda huku kuuliza, na kila atakayetoa hela yake atasoma uongo akidhani ameshiba. Hatua tano tu! Wangemgeukia yule mwanamke, angewatajia mwenyewe huku anabangua.

Basi juzi ile, Zuhura alipomaliza kusoma, nikachukua kalamu.

"Mama, kitabu hakichorwi!" Zuhura akaruka.

"Wao wamekichora kwanza."

Nikalifuta jina la Mjomba, nikaandika kwa herufi zangu za darasa la pili, zimepinda kama miguu ya kuku. Nikampa Hamisi, aliyeketi kando yetu, asome, nijue kama zinasomeka. Akasoma kwa sauti: "Lambo alichimba Somoe binti Chitanda. Amesema mjukuu wake…"

Hapo chini nilikuwa nimeandika jina langu. Hamisi akalitazama, akafunga kitabu, akanirudishia kwa mikono miwili.