Insulini ya Kupaka

Mume wa dada yangu alikuwa mtu wa ngozi. Alizinunua mbichi kwa wafugaji, akaziwamba nyuma ya nyumba yake pale Karatu, akazikwangua na kuzipaka mafuta mpaka zikalainika. Kwa kazi hiyo tu akajiona anajua kila kitu kilichofunikwa na ngozi, mkewe akiwemo. Mjuaji wa namna ile sijapata kumwona tena.

Dada alikuwa na kisukari, kile cha kuchomwa insulini kila siku, la sivyo unakufa. Mimi nilikuwa muuguzi wa zahanati. Kila asubuhi kabla ya kazi nilipita kwake, nikachemsha bomba la kioo na sindano, nikamchoma pajani. Chupa za dawa tulizitunza kwenye mtungi wa maji, maana friji tulizisikia tu. Basi mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikatumwa kijiji cha mbali cha Piyaya siku tano kuchanja watoto. Nilimfundisha shemeji kuchoma. Akaitikia kila neno, na kumbe ana yake kichwani.

Niliporudi nilimkuta dada kitandani, midomo imekauka, anahema kwa nguvu, pumzi inanuka kama matunda yaliyooza. Nikauliza kama alichomwa. Shemeji akaniletea kopo la mafuta ya kondoo. Alikuwa amemimina insulini humo na kukoroga. Kila siku alimsugua mkewe mapaja kwa jiwe la kusugulia miguu, eti ngozi ifunguke, kisha akampaka.

“Ngozi inakunywa mafuta, shemeji,” aliniambia taratibu, kama anafundisha darasa. “Na mafuta yanabeba dawa. Mnatoboa watu bure.”

Nilimwambia ngozi anazozijua yeye zimekufa, tena amezikwangua pande zote mbili. Ya mtu aliye hai ni ukuta. Chembe za insulini ni kubwa, hazipenyi pale hata umpake kondoo mzima. Zinabaki juu na mafuta, zinaishia kwenye shuka. Nikaongeza na mengine ambayo mke hapaswi kusikia mumewe akiambiwa. Mpumbavu ndilo lilikuwa dogo.

Tulipata lori la mahindi likatufikisha hospitali. Shemeji alikaa nyuma juu ya magunia, amempakata mkewe kichwa njia nzima. Sikumtazama hata mara moja.

Siku ya tatu, baada ya dripu na insulini, dada aliweza kukaa. Nami nikaanza tena, mbele ya wodi nzima: kwamba ameolewa na mkwangua ngozi, kwamba nusura azikwe kwa ujinga wa mtu mmoja.

“Mwache,” dada alisema. “Mimi ndiye niliyemwomba atafute njia nyingine.”

Nikamuuliza kwa nini, wakati miaka miwili nimemchoma mwenyewe, mdogo wake.

“Kwa sababu ya hiyo miaka miwili. Unakuja umenuna, sindano yako butu, unanichoma huku unaniambia niache kudeka. Nikisikia lango tu naanza kutetemeka.”

Nilisema hayo ni maneno ya ugonjwa. Saa ya dawa ikafika. Nikachukua bomba, nikafunua shuka, na kabla sijamgusa akafumba macho, akashika mkono wa mumewe. Paja lilikuwa linatetemeka. Nikaenda kumwita muuguzi wa wodi aje amchome yeye.