Niliwafunza watoto wa Dundori kuuliza "Na wewe ni wa nani?" Wa kwanza kuulizwa alikuwa chairman wa bodi

Wakuu, sasa. Mimi huwa nasoma nyuzi za wengine na kubishana kwenye comments. Leo nimeleta yangu. Sijaongeza chumvi. Nimepunguza hata, kwa sababu kuna mahali mngekataa.

Nilisomea computer science. Baada ya campus nilikaa nyumbani Nakuru nikibishana na kila mtu, mpaka auntie yangu akaniambia kuna shule ya msingi huko Dundori inatafuta mtu wa kufunza watoto computer. Wana tablet kumi na mbili na hakuna mwalimu anayetaka kuzigusa.

Nikaenda. Baridi ya huko ni nyingine. Ukichungulia dirishani ni viazi, ng'ombe, halafu viazi tena.

Nikapewa kitabu cha mwongozo wa usalama wa watoto mtandaoni. Ukurasa wa kwanza: usiongee na mtu usiyemjua.

Nikacheka. Nani aliandika hii? Huku mtoto akimpita mtu mzima bila kumsalimia, habari inafika nyumbani kabla yake. Na baada ya salamu lazima aulizwe, "Wewe ni wa nani?" Anataja mzazi, anataja kwao ni wapi, mtu mzima anasema "aaah!" na kila mtu anaendelea na safari yake. Asiyejibu hana adabu.

Sasa mtoto kama huyo ukimpa skrini, atafanya nini?

Sikutaka kukisia. Nikatengeneza chat ndogo ya hapo shuleni tu, haifiki internet. Grade 5 wakiwa darasani, mimi nikajificha staffroom na kikombe cha chai. Jina langu: Auntie Rose.

Nikaandika: "Hamjambo watoto wazuri. Wewe ni wa nani?"

Wakuu, majibu yalianguka kama mvua ya mawe. Majina matatu matatu. Faith, msichana mdogo anayekaa mbele, aliandika hivi: "Sijambo Auntie. Mimi ni Faith wa Mama Njoki. Kwetu ni juu ya cattle dip, gate ya blue. Mama hurudi saa kumi na moja. Mbwa hufungwa mchana. Karibu."

Nilipofika kwa hiyo "karibu" chai ikanipalia. Madam Ruth, mwalimu mkuu, alinigonga mgongo nikikohoa na kucheka.

Halafu nikaacha kucheka. Isome tena polepole.

Nikarudi darasani nikawaambia Auntie Rose ni nani. Kelele ya hapo! Nikawapa sheria yangu, na nilijiona genius: mtu akikuuliza wewe ni wa nani, usijibu. Muulize, "Na wewe ni wa nani?" Akisema ni mkubwa, usijibu. Hata akisema anajulikana, usijibu. Kimbia uite mtu mzima unayemjua.

Tuliiimba wiki nzima. Mpaka mpishi wa shule akaishika.

Ijumaa akaja Mzee Karanja, chairman wa bodi ya shule. Yeye ndiye angeamua kama club yetu ya computer iendelee au chumba kirudi kuwa store. Alishasikia eti watoto wanacheza game tu. Mlangoni alimkuta Faith na tablet.

"Kasichana, wewe ni wa nani?"

Faith akamwangalia kutoka kofia mpaka gumboots. "Na wewe ni wa nani?"

"Ati?"

"Faith!" Madam Ruth karibu aanguke. "Huyu ni chairman! Anajulikana Dundori nzima!"

"Hata akisema anajulikana," Faith akasema, na darasa lote nyuma yake likamalizia, "USIJIBU!"

Halafu akakimbia kutafuta mtu mzima anayemjua. Mtu mwenyewe alikuwa mimi, na nilikuwa nimejificha nyuma ya kabati.

Mzee hakupiga kelele, na hiyo ndiyo ilinitisha. "Kwa hivyo hapa mnafunza madharau." Akafunga club mpaka bodi ikae Jumatatu. Faith aje na mama yake.

Weekend hiyo sikulala vizuri. Mimi wa kuhoji kila kitu sikuwa nimehoji sheria yangu mwenyewe. Wanaocode mtanielewa: nilisahau kuweka "if". Sheria ilikuwa ya skrini, na sikusema ni ya skrini. Faith hakukosea hata neno moja. Nilikosea mimi, akalia yeye.

Jumatatu niliiambia bodi hivyo hivyo. Kisha nikamwomba Mzee dakika tano na tablet. "Kuna mtu anataka kukusalimia. Mjibu tu vile huwa unamjibu mtu yeyote."

Madam Ruth akaanza kuangalia ceiling.

Skrini ikaandika: "Habari guka. Mimi ni Auntie Rose. Wewe ni wa nani?"

Kuitwa guka, yaani babu, kulimlainisha. Akavaa miwani. Kidole kimoja, akisoma kwa sauti kila anachoandika: "Mimi ni Karanja wa Gitau. Mabati nyekundu, karibu na kanisa. Ng'ombe sita. Saa hii niko mkutano, mke wangu ameenda soko." Akafikiria kidogo, akaongeza: "Karibu sana."

Bodi nzima ikashikwa na kikohozi.

Mlango ukafunguka. Auntie Rose akaingia, sweta mpaka magotini, tablet mkononi, mama yake nyuma.

"Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi, guka. Pole." Akanyoosha mkono kumsalimia.

Mzee akamwangalia, akaangalia alichoandika, mabega yakaanza kutikisika. "Ng'ombe sita! Nimetaja mpaka ng'ombe!" Alicheka mpaka akavua miwani.

Halafu akajikaza. "Haya. Wewe ni wa nani?"

Faith akamtazama usoni.

"Mimi ni Faith wa Mama Njoki. Kwetu ni juu ya cattle dip."

"Aaah! Kwa ile mbwa kali! Hiyo hufungwa saa ngapi?"

Faith akafikiria. "Hiyo siwezi kusema, guka."

Club ilifunguliwa siku hiyo hiyo.

Nilichojifunza: nilienda kurekebisha adabu ambayo haikuwa imeharibika. Sasa sheria yetu ni hii: uso unaouona, salimia na ujibu. Skrini, uliza kwanza.

Lakini Alhamisi Faith aliniuliza, "Mwalimu, na video call? Hiyo iko na uso."

Mwenye jibu aliweke hapa chini. Na tafadhali msiniulize shule ni gani, wala mimi ni wa nani.