Mfalme Mtupu

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi, mwanangu, ndani ya ukumbi wa kanisa pale Iringa. Nilikuwa fundi seremala kijana kutoka Mafinga, na kwenye sataranji nilijiona sina mpinzani. Mashindano yalikuwa ya mchezo wa haraka: kila mtu dakika tano kwenye saa yake, zikikuishia umeshindwa. Nilibakiza mchezo mmoja. Nikishinda, naingia timu ya kwenda kucheza Mbeya, na hiyo Mbeya niliitamani mpaka nikawa naiota.

Mbele yangu aliketi mama mmoja, mwalimu mstaafu wa Kilolo, kitenge mabegani. "Kamwene," akanisalimu, kisha akaanza kufikiri. Alifikiri huyo! Kila kete aliitazama kama mtu anayechambua maharage. Nami kwa ujanja wangu nikasema moyoni, ya nini nihangaike na ubao wakati saa inanifanyia kazi? Nikawa nasogeza ovyo, mradi haraka. Akala farasi wangu, akala malkia, akala hadi askari wa mwisho. Sikujali. Macho yangu yalikuwa kwenye sekunde zake.

Zikaisha. Nikaruka: "Muda umekwisha! Nimeshinda!"

Mwamuzi akaja, akautazama ubao. Nilikuwa nimebaki na mfalme peke yake.

"Sare," akasema. "Mfalme mtupu hawezi kumfunga mtu, hata mwenzake akiishiwa muda."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mbeya ikaniponyoka hivihivi. Lakini udadisi ulinizidi nguvu, nikamuuliza yule mama, "Mwalimu, muda wote ule ulikuwa unatafuta nini?"

Akacheka, akaanza kuzipanga kete upya. "Nilikuwa nakushangaa wewe. Malkia wangu nilimwacha wazi mara mbili, hukumwona. Nikajiuliza, huyu kijana anatazama wapi? Kumbe hukuja kucheza, baba. Ulikuja kusubiri nishindwe."

Maneno yaliniuma, ila nilivuta kiti. Alinionyesha kosa moja moja mpaka wenye ukumbi wakatutoa.

Basi mwanangu, usisafirie nyota ya mwenzio. Ukimwona mwenzako anachelewa, kazini au kwenye masomo, usiufanye uzito wake kuwa mtaji wako. Angalia umebakiwa na nini mkononi. Na ukiteleza, muulize aliyekuona, maana kuuliza si ujinga.

Mungu akujalie macho ya kuona kilicho mbele yako, na moyo usioombea mwenzio aanguke.