Moyo Ambao Haujaona Friji

Pale Soko la Burma, ninapochoma nyama, mteja haulizi bei kabla hajagusa. Anabonyeza paja kwa kidole. Akikuta ni baridi, huyo, ameenda kwa jirani. Ndiyo maana boss wangu hushinda mlangoni mwa bucha yake akipiga kelele: "Gusa, mama! Bado ina joto! Hii haijaona friji!"

Dadangu amekula nyama ya bucha hiyo tangu tukiwa wadogo kule mtaa wa Mowlem. Moyo wake ulichoka alipojifungua. Siku hizi hulala ameketi, mito imepangwa mgongoni, na mtoto akilia hawezi kumbeba hadi mlangoni. Daktari alimwambia dawa zitamshikilia kwa sasa, ila huenda siku moja akahitaji moyo wa mtu aliyefariki, na kwamba huo husafirishwa kwenye barafu. Basi. Hakufafanua zaidi, akaita mgonjwa mwingine.

"Kitu kimelala kwa barafu hata siwezi kupika," dada akaniambia. "Sasa nikiweke kifuani?" Akaacha kliniki. Hata vidonge akaanza kuruka.

Halafu nikaona video kwa simu. Moyo wa mtu ndani ya sanduku, umeunganishwa na mirija, mashine inausukumia damu yenye joto, nao unapiga. Uko nje ya mwili na unapiga! Nililia pale jikoni, na haukuwa moshi. Nikamkimbilia boss.

"Boss, cheki! Moyo unasafiri na joto lake mpaka ufike kwa mgonjwa!"

Alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Wee kijana, ya joto si itaoza njiani? Na dadako akiwekewa huo, ataanza kupenda bwana ya nani?"

"Mpeni wa mbuzi," mteja mmoja akadakia, "hiyo tuko nayo hapa!"

Wakacheka wote. Mimi hupenda mzaha, lakini siku hiyo nilikasirika. Mtu anayeapa kila asubuhi kwamba joto ndilo uzuri wa nyama! Tumbo la mteja lipewe kilicho freshi, kifua cha dadangu kipewe kicheko? Na yule daktari, kumweleza mgonjwa vizuri kungempunguzia nini?

Jioni nikamwonyesha dada. Alitazama hadi mwisho. Kisha akanyoosha kidole, akabonyeza kioo cha simu juu ya ule moyo, kama mteja wa Burma. Akabonyeza tena.

"Hiyo mashine iko huku kwetu?"

"Sijui. Twende tuulize."

"Na wakisema haiko?"

"Tutawauliza mbona haiko."

Akamtazama mtoto. "Nipe maji nimeze dawa. Jumatatu unisindikize kliniki."

Jumatatu nikapitia bucha kuaga. Boss akasimama katikati ya mlango. "Unaenda wapi na wateja wanaingia?"

"Kuulizia kitu ambacho hakijaona friji," nikamjibu, nikamwachia aproni mkononi.