Watu Wenye Habari Nzuri

Mwaka ambao bodi ya madaktari ilimwambia Letisia Mgaya kwamba anaweza kufanya kazi, alikuwa na virusi vya UKIMWI, kikohozi cha miezi saba na miguu iliyokufa ganzi. Alikuwa ametoka Njombe alfajiri, akatembea kutoka stendi ya Makambako mpaka ukumbini huku upepo ukimsukuma, na alipumzika mara nne njiani. Alipoingia, daktari akamwuliza, "Habari yako, mama?" Naye, kama mtu yeyote aliyelelewa na wazazi, akajibu, "Nzuri." Daktari akaandika.

Barua ya majibu ilisema hivi: amekuja kwa miguu yake, ni nadhifu, anasema hali yake ni nzuri, anaweza kazi nyepesi.

Kazi nyepesi yenyewe ilikuwa wapi, barua haikusema. Letisia alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha mbao mpaka kilipouzwa kwa mwekezaji, na mwekezaji akaanza kupunguza watu kwa kuanzia na wale waliokohoa. Wafanyakazi wote walikuwa wamekatwa michango ya Mfuko wa pensheni miaka yote, na Mfuko ulikuwa na mafao ya ulemavu kwa asiyeweza kazi tena. Fomu ya mafao hayo ilikuwa na nafasi ya mkono, mguu na jicho. Virusi havikuwa na nafasi, kwa hiyo wenye virusi waliulizwa habari.

Letisia akawakusanya wenzake kumi na saba katika chumba cha misheni. Karibu wote walikuwa wameandikiwa kazi nyepesi. Yudita, aliyepanga naye mbao stoo miaka tisa, alikuwa ameandikiwa hivyo akiwa na kilo thelathini na sita. Yudita ndiye aliyemkosesha Letisia usingizi. Alikuwa na binti mmoja, Stella, kidato cha pili, na kwa taratibu za Mfuko mtu akifa kabla ya kukubaliwa, faili lake linafungwa na mtoto hapati kitu. Dawa za kurefusha maisha wakati huo walizisikia redioni tu.

"Kosa ni letu," Letisia aliwaambia. "Tunaenda kuomba mafao ya ugonjwa, tunasema hatuumwi."

Wakaanza mazoezi. Letisia alikaa mezani akawa daktari, wao wakawa wanaingia mmoja mmoja.

"Habari yako?"

"Nzuri," akasema Marcelino.

"Toka, uingie tena. Habari yako?"

Marcelino akafikiri sana. "Nzuri kidogo," akasema.

Wiki sita walijaribu, na midomo ilikataa. Priska alifaulu mara moja kusema mbaya, akaona aibu, akaomba radhi. Letisia akahamia kwenye mavazi: siku ya bodi wasipake mafuta, wasinyooshe nguo, waje walivyoamka. Hapo Yudita akainuka, jambo lililomchukua muda.

"Niende ofisini mchafu? Mdogo wangu, hata maiti huogeshwa."

Makofi yalipigwa, na Letisia akajua ameshindwa. Alirudi nyumbani na hasira zake. Kesho yake ndipo alipozielekeza panapostahili: kama watu hawabadiliki, basi Mfuko ubadilike. Akaandika barua ya ukurasa mmoja, akidai bodi isome kadi za hospitali, uzito na miezi ya kuugua, na iache kuandika salamu. Haikujibiwa. Akaandika ya pili na ya tatu. Mfuko ulijibu kwamba barua zimepokelewa.

Bodi iliporudi Makambako, walikwenda wote kumi na wanane kwa lori la viazi la Awadhi, mfanyabiashara wa Makambako ambaye alikataa nauli. Alipoelezwa shida yao akatikisa kichwa. "Sisi ukituuliza hali, tunasema alhamdulillahi hata nyumba ikiwaka," alisema. "Huyo daktari kwao hawasalimiani?"

Walisalimiana. Dakta Hezekia, yule yule wa mara ya kwanza, aliingia ukumbini mkono wa kulia ukiwa kwenye plasta, umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Alikuwa ameanguka bafuni juzi yake. Letisia alisimama, daftari mkononi.

"Shikamoo, daktari. Habari za safari?"

"Marahaba, mama. Nzuri tu."

"Na nyumbani? Na mwili?"

"Nzuri, tunashukuru Mungu."

Letisia akaandika polepole, kisha akasoma kwa sauti ile ile ya barua za Mfuko: "Amekuja kwa miguu yake. Ni nadhifu. Anasema hali yake ni nzuri. Anaweza kazi nyepesi." Akasogeza daftari mezani. "Tunaomba aweke sahihi, kwa mkono wa kulia."

Hakuna aliyecheka. Dakta Hezekia aliutazama mkono wake, akalitazama daftari, halafu akamwambia karani wa bodi akusanye kadi za hospitali za watu wote. Zilisomwa mpaka saa kumi. Siku hiyo hakuna aliyeulizwa habari.

Barua zilichukua miezi mitatu. Kati ya kumi na wanane walikubaliwa kumi na mmoja, na Letisia hakuwamo. Kwake walitaka kipimo kingine. Yudita alikuwamo. Letisia aliichukua bahasha ya Yudita posta akaenda nayo hospitali alikolazwa, mbio, kadiri miguu ile ilivyojua mbio.

Yudita alikuwa amegeukia ukuta.

"Kamwene, dada. Habari za leo?" Aliuliza kwa mazoea tu, vidole vikiwa tayari vinafungua bahasha.

"Mbaya," Yudita akasema. "Mbaya sana, mdogo wangu. Naogopa."

Neno hilo Letisia alilifundisha wiki sita, na hakuwahi kufikiria mtu akishalisema, aliyeuliza anajibu nini. Akaisoma barua yote, pamoja na namba ya kumbukumbu, kisha akarudia mstari wenye jina la Stella. Yudita akauliza kama wameandika kazi nyepesi. Hawakuandika. Letisia akavua viatu, akapanda kitandani, akamkumbatia akilia waziwazi.

Muuguzi alipopita akawauliza habari zao. Yudita akajibu nzuri, na Letisia hakumsahihisha.