Vakansi ya Ganza kwa Nyogokuru

Ukifikicha majani mawili tu ya umuravumba jikoni, nyumba nzima inajua, na jirani naye anajua. Ni mmea mchungu, na harufu yake ni kali kuliko uchungu wake. Wiki iliyopita nilikuwa napita mlangoni kwa jirani yangu mmoja hapa Gisenyi, nimebeba vitunguu vyangu, harufu ile ikanipiga puani nikasimama palepale. Jirani alikuwa ameinama anaponda majani, na mwanawe wa mwaka na nusu amemng'ang'ania sketi. Sikuhitaji kuuliza. Nilijua anataka kumwachisha kunyonya, na nilijua pia kwamba machozi yangu yako njiani, kwa hiyo nikajifanya nimesahau kitu sokoni, nikageuka.

Ngojeni niwasimulie, maana jambo hili nimekaa nalo peke yangu muda mrefu mno.

Nilikuwa na miaka minane hivi, au tisa. Niliishi Nengo, hapahapa Gisenyi, na Nyogokuru, ndivyo tunavyomwita bibi, mama mzazi wa mama yangu. Wawili tu. Nyumba yetu ilikuwa mteremkoni. Ukisimama uani unaliona ziwa, na mkono wa kulia unaona mabati ya Goma, ng'ambo ya mpaka, yanang'aa. Mama yangu aliishi huko, chini ya bati mojawapo, akiuza vitenge. Kutoka kwetu hadi mpakani ni mwendo wa mtu asiye na haraka, lakini kwangu mimi Goma ilikuwa mbali kama Ulaya. Nyogokuru alinipenda, sisemi uongo, ila alikuwa mtu wa kusali na kulala mapema. Watoto wa jirani walikuwa na ndugu zao wa kugombana nao. Mimi niligombana na kuku.

Sikuwahi kuuliza kwa nini sikai na Mama, kwa sababu nilikuwa nimeshaambiwa. "We ulikuja hapa vakansi," Nyogokuru alikuwa akisema, "vakansi ya kuachishwa kunyonya, ukabaki." Alilisema kwa wepesi, kama mtu anayesema mvua ilinyesha. Nami hivyo ndivyo nilivyoielewa dunia: mtoto akishaota meno ya kutosha analetwa kwa Nyogokuru vakansi, yaani likizo, kisha anabaki.

Basi likizo kubwa ya mwaka ule akaja Mama Mudogo Solange, mdogo wake Mama, kutoka Kigali. Alikuwa mtu wa ofisini. Alishuka kwenye pikipiki na viatu vya kisigino, vikazama kwenye kokoto nyeusi za uani kwetu, akacheka, akavivua. Mgongoni alikuwa na Ganza, mwanawe, mwaka mmoja na nusu, mashavu yamejaa, kofia imemfunika jicho moja. "Aline," aliniambia, "ona mugeni wako. Tumekuja vakansi!" Ganza alinitazama kwa lile jicho lililobaki wazi, akanipa biskuti aliyokwisha kuitafuna nusu. Nikaila. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu cha mdomoni mwake.

Siku za kwanza zilikuwa vakansi kweli. Tulishuka ufukweni kila siku, sisi na watu wa Kigali waliokuja na maboya yao na miwani yao ya jua, tukakaa chini ya mikalitusi kula sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwa letu. Ganza alikula vichwa tu, miili akanirudishia. Mawimbi hayakumpendeza. Kila wimbi lililokuja aliliinulia kidole na kulikemea, "Oya!", yaani hapana, na wimbi liliporudi nyuma, alitugeukia tuone amelishinda. Wapiga picha wa ufukweni walimpenda sana. Akichoka tu, alipanda mapajani kwa mama yake, akafungua blauzi mwenyewe pasipo kuomba, na mchana wake ukaishia hapo.

Nyogokuru aliangalia hayo kwa siku chache, halafu akasema, "Bon. Inatosha. Huyu mutoto ataoa akinyonya bado!"

Kumbe ndicho alicholetewa. Nyogokuru akaponda umuravumba, Mama Mudogo akajipaka kwenye matiti. Ganza akaja, akaonja, akakunja uso mpaka macho yakapotea. Akatafakari. Kisha akapangusa dawa yote kwa kiganja, vizuri kabisa, akaendelea na kazi yake. Mama Mudogo alicheka huku machozi yanamtoka, mimi nikacheka kwa sababu alicheka. Nyogokuru peke yake hakucheka. Alimwambia binti yake afungashe vitu.

Asubuhi yake Mama Mudogo hakuwepo. Kwetu ndivyo inavyofanywa: mama anaondoka mtoto amelala, haagi, hageuki. "Na asionekane," Nyogokuru alinieleza, akinifunga kitenge kifuani na Ganza mgongoni. "Mutoto akimuona mama yake mara moja tu, kazi yote imeharibika. Tutangoja mpaka aache kumutafuta. Na siku mama atarudi, asimuvute. Akimuvuta, mutoto atamuogopa. Anakaa chini anangoja, mutoto atakuja mwenyewe."

Yebabawe, alivyomtafuta! Chini ya kitanda, nyuma ya pazia, ndani ya sufuria ya maharage. Alipotoka kwenye sufuria alikuja kwangu na mikono mitupu, ameinyoosha kunionyesha kwamba hayumo. Kanisani Jumapili alimpapasa shemasi mmoja wa kike kifuani katikati ya sala, akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na yule mama wa watu akashindwa afumbue macho au aendelee kumshukuru Mungu. Nyogokuru naye, kwa siri, alimpa titi lake lisilo na kitu. Ganza alilijaribu, akalirudisha mahali pake kwa heshima.

Alilia, akalia, halafu akaanza kulia akiwa ananitazama mimi. Hiyo ilikuwa tofauti. Nilimbeba kutwa. Nilimpeleka chini ziwani kuyakemea mawimbi, nikamlisha uji kwa kijiko, nikampulizia kila kijiko. Siku moja nilikwenda msalani tu, nikamsikia uani akiita "Iine! Iine!" kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Nilisimama mle ndani nisitoke kwanza, nisikie tena. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nilikuwa na furaha mpaka kifua kiliniuma.

Nikaanza kupanga. Atalala upande wa ukutani asije akaanguka. Mwaka unaofuata nitampeleka shule ya chekechea, nimshike mkono kwenye barabara ya pikipiki. Watoto wa jirani niliwaambia, "Ni mdogo wangu, atabaki." Nani angenibishia? Mimi mwenyewe si nililetwa vivyo hivyo, na si nilibaki?

Mchana mmoja nilikuwa nimembeba napita karibu na ua wa miti ya miyenzi, unaotutenga na jirani, nikasikia "Sss! Aline!" Nikachungulia. Alikuwa Mama Mudogo Solange, amechuchumaa kwenye vumbi la watu, kichwa kimefungwa kitambaa kama muuza viazi wa Busasamana. Hakuwa amekwenda Kigali. Alikuwa amejificha kwa jirani siku zote zile, na Nyogokuru alijua.

"Usiite," alininong'oneza. "Geuka kidogo, we. Mi nataka nione tu uso yake."

Nikageuka. Ganza alikuwa amesinzia, shavu limebanwa mgongoni kwangu. Nilisikia pumzi ya Mama Mudogo nyuma yangu.

"Anakula?"

"Anakula. Jana alikula na ndizi."

"Ananiita?"

Nilifikiri kwanza. "Kidogo," nikasema. Ilikuwa kweli.

Nilipochungulia tena, nikaona blauzi yake ina madoa mawili ya maji, makubwa, kulia na kushoto. Nilidhani amemwagikiwa na chai. Nikamwambia, "Mama Mudogo, umelowa," naye akajifunika na mikono yote miwili, akainamisha kichwa.

Tangu hapo nilipita pale kila mchana, nikageuka, nikasimama. Sikuwa na hofu yoyote. Nilijua mama huangalia kwa mbali hivi kwa muda, kisha anakwenda zake ofisini, au sokoni. Asiyekuwepo na lake halipo, Nyogokuru husema. Nilidhani anamuaga Ganza.

Halafu siku ikafika ambayo Ganza hakumtafuta mtu yeyote. Aliamka, akanywa uji, akamfukuza kuku. Mchana Mama Mudogo akaingia uani kwa lango la mbele, amevaa gauni zuri, amechana nywele. Ganza alikuwa mikononi mwangu. Alimtazama. Kisha akageuza uso wake wote, akauficha shingoni mwangu, akanikaza.

Moyo wangu ulipiga kelele. Nilisema moyoni: amebaki, amebaki.

Mama Mudogo alinyoosha mikono. "Usimuvute!" Nyogokuru akamwambia, kwa ukali ambao sijapata kuusikia kwake. "Kaa chini." Akakaa chini kwenye kokoto, na lile gauni, akaweka mikono mapajani, viganja juu. Nyogokuru aliniambia nimweke Ganza chini nami nirudi nyuma. Nikamweka. Nikarudi nyuma hatua moja ndogo kadiri nilivyoweza.

Ganza alisimama katikati yetu. Aliniangalia mimi. Akamwangalia yule mama. Akaokota kokoto, akaiangalia nayo. Machozi yalimtiririka Mama Mudogo mpaka kidevuni, na mikono hakuisogeza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi wakati ule niliujua uchungu wangu tu. Nilikuwa nikimwita kwa macho. Njoo, Ganza, njoo kwangu.

Akaenda kwake. Alikwenda polepole, akampa ile kokoto kiganjani. Kisha akamgusa kifuani kwa kidole kimoja, akatikisa kichwa, "Oya," akalaza kichwa chake palepale bila kufungua kitu. Mama Mudogo alitoa sauti ambayo sijui niiite nini. Nyogokuru akasema, "Mungu asifiwe," akaenda kuinjika chai.

Kesho yake wakapanda basi la Kigali. Ganza alinipungia mkono kupitia dirishani, kama alivyowapungia wote, pamoja na konda. Nilirudi nyumbani na kitenge bado nimejifunga.

"Sasa mimi mbona sikuchukuliwa?" nilimuuliza Nyogokuru. Alikuwa anapeta mchele. Hakuacha kupeta.

"Nani amesema hukufuatwa? Mama yako alikuja. Lakini ile saa mupaka ilikuwa imefungwa, upande ule kulikuwa na vita, alikawia sana. Alipofika ulilia sana, ukaingia ndani ya sketi yangu. Nikamwambia asikuvute. Alikaa mpaka jioni. Hukuenda." Akapuliza makapi. "Mutoto anachagua."

Jumapili Mama akaja kutoka Goma, kama alivyokuja Jumapili nyingine. Aliniletea mkate na soksi. Akakaa kwenye ngazi ya mlangoni, akavua viatu, akaweka mikono mapajani. Nyogokuru aliingia ndani, ingawa hakuwa na kazi ndani. Mimi nilikuwa uani nimeegemea pipa la maji, nina huzuni ya Ganza, sitaki kuongea na mtu.

"Nasikia mudogo wako alienda," Mama akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Ulimuzoea."

"Ndiyo, Mama."

Aliniangalia tu, na mimi nikaona ni mwanamke ambaye hana maneno mengi na hapendi watoto sana. Mama zangu wadogo walinishika, walinikumbatia, walinifinya mashavu. Yeye hakuwahi. Ilipokaribia saa ya mpaka kufungwa alivaa viatu, akaniaga, akashuka mteremko. Nilimpungia mkono vizuri. Nilikuwa mtoto mwenye adabu.

Miaka ilipita hivyo, Jumapili kwa Jumapili. Nyogokuru alishafariki, na mimi nikiwa tayari mtu mzima mwenye kazi yangu, nilivuka kwenda Goma siku moja kumwona Mama aliyekuwa na homa. Tulikaa kitandani kwake, yeye upande huu, mimi ule, tumemaliza habari za dawa na za mvua. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimuuliza kwa nini miaka yote ile hakuwahi hata kunishika mkono.

Alishangaa kweli. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza jambo ambalo kila mtu analijua.

"Waliniambia nisikuvute," akasema. "Nilikuwa nangoja uje."

Nikasogea. Kitanda kile si kikubwa, lakini niliona ni safari. Nilikaa ubavuni kwake tukagusana mabega, naye akainua mkono, akaushusha, akauinua tena. Hatukujua, mimi na yeye, uende wapi.